Ndiyo ya Semboja

Kitendawili!

Ni ndogo kuliko punje ya ulezi, hutoka kinywani bila kubisha hodi, na inaweza kuangusha mlima juu ya watu. Ni nini?

Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Mnanipa Korogwe? Nimekwenda Korogwe, nimekula machungwa yake, nimerudi, na jibu sitoi bado. Limo ndani ya hadithi.

Jana mwenzenu Chausiku alirudi kutoka shule ya bweni na maneno yake ya vijiweni, nusu Kiswahili cha mjini, nusu Kiingereza. Nyinyi mkawa mnaitikia "ndiyo, ndiyo" na kucheka, wala hakuna aliyejua alichokicheka. Ndipo mama yenu akawaambia: Sijui haiui, huua ndiyo ya aibu. Mkaja kuniuliza imetoka wapi. Ilizaliwa machimboni, nami nilikuwepo, ingawa sikuona kitu.

Wanawake wa kwetu walikuwa wakigonga kokoto ndani ya shimo la mawe. Shimo lilikuwa na kuta mbili ndefu, ukuta wa mashariki na ukuta wa magharibi, na kando ya kila ukuta palikuwa na njia ya kupandia. Mafundi walipotaka kupasua mwamba walitia baruti ukuta mmoja, na wanawake wakatoka kwa njia ya ukuta wa pili. Ukikosea njia, umeyafuata mawe.

Kwa sababu hiyo palikuwa na desturi ya kurudisha neno. Mjumbe wa baruti alirudia alichoambiwa mbele ya aliyemtuma, ndipo akateremka shimoni. Hata awe na mvi kichwa kizima, alirudisha.

Mwaka huo alikuja fundi wa baruti kutoka ng'ambo, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Akatafutwa mjumbe anayejua Kiingereza. Semboja, mume wa Mwantumu, akanyoosha mkono. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, na wenzake walimwita Profesa. Walimtania, lakini yeye jina hilo alilivaa kama koti.

Sasa Kiingereza chenyewe mnajua kilivyo. Kondoo ni "sheep", meli ni "ship", hutofautiana kwa pumzi tu. Ongeza na maneno ya vijiwe vya kwao huyo fundi, ambayo hayamo katika kitabu chochote cha darasa la nane. Asubuhi ya siku ya tatu, fundi alisema maneno mengi kwa haraka, akaonyesha saa yake, kisha akamfanyia Semboja ishara ya mkono: rudisha. Wapasua mawe walikuwa wamesimama pale wakitazama. Semboja hakuwa ameokota hata neno moja. Akaona haya.

"Yesi," akasema. "Yesi, yesi." Akaondoka.

Hilo ndilo jibu la kitendawili changu, wajukuu. Ndiyo.

Alipofika shimoni, nyundo zilikuwa zinalia. Wanawake tisa walikuwa wamekaa juu ya magunia. Mwantumu alikuwa katikati yao na mimba ya miezi minane, na ndani ya mimba hiyo nilikuwa mimi.

"Profesa kaja!" akasema mmoja wao. "Leo tunapewa habari kwa Kizungu au kwa Kizigua?"

Wakacheka. Bi Sikudhani, mkubwa wao, hakucheka. "Mwanangu, tutoke njia ipi?"

Semboja akatazama mashariki. Akatazama magharibi. Kuta zote mbili zilikuwa kimya, na huko juu hapakuonekana mtu.

Filimbi ya kwanza ikalia. Zikilia tatu, baruti inawaka.

Nyundo zikanyamaza. Kokoto moja ikaporomoka mahali fulani, wanawake wakashtuka kama kuku walioona kivuli cha mwewe.

"Semboja, njia ipi?" Mwantumu akauliza, mkono juu ya tumbo.

Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope. Mdomo wake ukafunguka, ukafungika. Filimbi ya pili ikalia. Wawili walikwisha kuinuka, mmoja akielekea huku, mwingine kule. Bi Sikudhani akamshika Semboja mashavu kwa mikono yake yenye vumbi.

"Nirudishie neno! Kasema nini?"

"Sijui," akasema Semboja. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Sijui, mama. Sikuelewa."

"Hajui! Rudini! Asipande mtu! Kwenye tingatinga!" Bi Sikudhani akapaza sauti.

Katikati ya shimo palikuwa na tingatinga bovu, limekaa hapo miaka. Wakajisukuma chini yake kwa matumbo. Mwantumu, asiyeweza kulalia tumbo, walimburuta kwa mabega. Filimbi ya tatu haikuisha vizuri. Ardhi iliruka, mchana ukawa vumbi, na mawe yakakipiga kile chuma juu ya vichwa vyao, moja kubwa kama mbuzi.

Walipotoka, walihesabiana kwa kugusana. Tisa, na Semboja. Njia ya mashariki ilikuwa nyeupe, imetulia. Ya magharibi haikuwepo tena. Palikuwa na rundo la mawe tu.

Semboja akaanguka magotini. "Nisameheni. Sijui yangu imetuchelewesha."

"Sijui haiui, mwanangu," akasema Bi Sikudhani, akijipangusa vumbi. "Huua ndiyo ya aibu, ile uliyoiacha huko juu." Wanawake wakalichukua neno hilo mpaka nyumbani, na mpaka leo lingali linatembea.

Lakini Mwantumu alikuwa na swali. "Kabla hujasema sijui, mdomo wako ulifunguka. Ulitaka kusema njia ipi?"

Semboja akaanza kukung'uta vumbi kwenye nguo. Akaulizwa tena kesho yake, akashika jembe akaenda shamba. Siku ya arobaini yangu, mama alinipakata, akamsogelea, akauliza mara ya tatu.

Baba akanichukua, akanitazama usoni.

"Magharibi," akasema.