Anayesaga Nyumbani kwa Shekuwe

Sogeeni, niwape ngano. Palikuwa na mgane, Shekuwe, na bintiye Mwatumu. Kijijini kwao, nyumba iliyofiwa haisagi nafaka hadi arobaini ipite. Anayesaga huliwa na zimwi.

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, Mwatumu akiwa amelala, sauti ya kusaga ikasikika. Zimwi likabisha hodi.

"Nani anasaga?"

"Hakuna," Shekuwe akajibu.

"Masikio yangu ni mapana kuliko uongo wako. Nani anasaga?"

"Bwana mkubwa, jiwe nimelifukia. Hata mimi sielewi."

"Nani anasaga?"

Wakaingia pamoja, wakainama. Sauti ilitoka katika meno ya mtoto. Zimwi likafungua kinywa.

Mwatumu akanong'ona usingizini, "Mama, pumzika. Nitamalizia mimi."

Zimwi likamtazama baba. Baba akalitazama zimwi. Kisha likatoka kwa kunyata, likaurudisha mlango polepole.

Ngano imekomea hapo. Kwa nini liliondoka, sijui.