Diwani Aliyejua Kila Neno

Diwani Ngulumbe alimkamata jogoo wa binti Mwachiti, eti kila akikariri maana za maneno ya Kiingereza, jogoo humjibu kwa kokoriko. Maji ya mchuzi yalikuwa yameanza kuchemka binti alipofika mbio.

“Mheshimiwa, hakuna hata neno moja linalokushinda?”

“Linishinde mimi? Siku ukinisikia nikitamka ‘sikujua’, mchukue jogoo wako!”

Majirani wakasogea kusikiliza.

“‘Elbo’ je?”

“Kiwiko!”

“Na ‘nem’?”

“Unanidharau, ee? Ni jina, lile mtu analoitwa.”

“Kwa mfano?”

“Kwa mfano, wewe unaitwa Sikujua!”

Majirani wakaangua kicheko, jogoo naye akawika. Sikujua binti Mwachiti akambana kwapani.

“Maji yako yamechemka, mheshimiwa. Tia majani ya chai.”