Swali Aliloiba Humaidi

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasiti aliishi mwanachuoni mcha Mungu akiitwa Sheikh Dhakwani. Darsa lake lilikuwa baada ya swala ya Alasiri, na alikuwa na desturi yake. Alipokea swali moja tu kwa siku, na hakulijibu papo hapo. Kwanza alimgeukia muulizaji na kumuuliza yeye, mpaka aone swali lile limetoka wapi na linamuuma nani. Ndipo hujibu. Na swali likimgusa, humwita mwenye swali akae kuliani kwake mpaka Magharibi.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Humaidi bin Surura, kijana mwenye hifdhi ya Kurani ya kuwashangaza wakubwa. Humaidi alipenda kuuliza, lakini aliuliza lile ambalo jawabu lake alikuwa nalo tayari kinywani, ili asikiwe tu. Sheikh akimwambia, "Na hili linakuhusu vipi, mwanangu?" hubaki anababaika. Basi sheikh humjibu kwa maneno mawili na kuendelea na darsa. Kuliani kwa sheikh hakuwahi kukaa.

Aliyekaa mara nyingi ni Aufi bin Malihi, mtu ambaye akisoma aya ndefu hukwama katikati. Lakini Aufi akiuliza, sheikh hufumba kitabu. "Sogea, mwanangu, Mola akubariki," humwambia. Hapo roho ya Humaidi humuuma. Tuseme ukweli, ndugu zangu, alimwonea gere, tena gere mbaya, ile inayomfanya mtu ahesabu mwenzake ametabasamiwa mara ngapi. Alitoa salamu ya kumaliza swala na hajui amesoma sura gani, kwa kumuwaza Aufi. Alikaa mbele ya chakula na tonge halipiti. Na lau ungemuuliza, angekuapia kwamba anampenda Aufi kwa ajili ya Mungu! Hasidi gani mmemsikia akikiri?

Ikawa siku moja sheikh akatangaza kwamba kesho yake ataondoka na msafara wa Hija. Swali la siku ile lingekuwa la mwisho kwa miezi mingi. Kabla ya Alasiri, Humaidi alikuwa akitia udhu, na upande wa pili wa birika akamsikia Aufi, ambaye alikuwa na mazoea ya kujisemea swali lake taratibu kabla ya kulipeleka.

"Sheikh wangu, mtu amemuudhi baba yake, na kila akienda kumwomba radhi hafunguliwi mlango. Aendelee kugonga, au amwache kwanza?"

Humaidi hakujali ni baba gani wala mlango gani. Alisikia tu swali zuri lisilokuwa lake. Akaumaliza udhu wake mbiombio, akaingia msikitini, akakaa mbele kabisa, na darsa lilipokwisha akalitamka swali lile neno kwa neno.

Sheikh akafumba kitabu. Humaidi akahisi moyo unamruka kwa furaha.

"Ni nani huyo, mwanangu?"

Kila mtu alijua kuwa baba yake Humaidi alikwisha kufariki. "Ni jirani yangu, sheikh."

"Alimuudhi kwa lipi mzazi wake?"

Hilo hakulijua, basi akatunga. "Alimwibia, kisha akamtukana mbele za watu."

"Na mzee akisikia mlango unagongwa?"

"Hupandwa na ghadhabu, humlaani."

Sheikh akainamisha kichwa kwa huzuni. "Laa haula! Basi mwambie asimsogelee kwa sasa, asije akamzidishia laana. Akae mbali, amwombee dua mpaka nitakaporejea. Nawe sogea, keti hapa."

Humaidi akaketi kuliani. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumtafuta Aufi kwa macho, apate kumwona naye akiungua. Akamwona ameinama, anafuta machozi kwa ncha ya kilemba chake. Humaidi alifurahi, Mungu amsamehe.

Walipotoka, alimkuta Aufi mlangoni anawagawia maskini kapu la tende.

"Nilikuwa nampelekea baba," Aufi akamwambia. "Ni mgonjwa, na hali yake si nzuri. Lakini nami sifunguliwi mlango, na sheikh amekwisha sema mwenye hali hiyo asiende. Allah akulipe, ndugu yangu. Sikujua kama yupo mwingine mwenye msiba kama wangu."

Humaidi akaenda zake akiyawaza. Mzee yuko kitandani, na mwanawe hatakwenda kumwona kwa sababu ya uongo aliotungiwa na mtu mwenye kijicho. Akisema kweli, atafedheheka mbele ya wenzake wote na huenda akafukuzwa darsani. Akinyamaza, sheikh ataondoka na hakuna atakayejua. Shetani alimshauri hivyo mpaka kulipopambazuka, na mara kadhaa alikaribia kukubaliana naye.

Asubuhi ngamia walikuwa wanapakiwa, na wanafunzi wote wamekuja kuaga. Humaidi akapenya katikati yao akashika hatamu ya mnyama wa sheikh.

"Sheikh, swali la jana halikuwa langu. Nilimsikia Aufi nikamwibia. Yaliyobaki niliyatunga mwenyewe. Jirani huyo hayupo. Nilikuwa namhusudu ndugu yangu, na nilitaka kukaa pale anapokaa yeye."

Watu wengine walitazama chini kwa kumwonea haya. Sheikh hakumkemea, bali alimwita Aufi.

"Mwanangu, ulimuudhi kwa lipi baba yako?"

"Niliacha duka letu la matandiko nikaja kusoma, sheikh, wala sikumuaga."

"Ukigonga, yeye husema nini?"

"Hasemi kitu. Namsikia anatembea mpaka karibu na mlango, kisha anasimama."

"Nawe hufanya nini?"

"Huondoka, nisije nikamuudhi zaidi."

"Subhanallah!" akasema sheikh. "Nenda sasa hivi. Gonga, na usiondoke."

Humaidi hakuiachia hatamu. "Na mimi, sheikh? Nifanye nini na moyo huu?" Safari hii hakuwa na jawabu lolote kinywani.

"Fuatana naye," akasema sheikh kwa upole. "Njiani usimweleze kitu. Muulize habari zake, kisha unyamaze umsikilize."

Wakaenda. Humaidi akauliza, na Aufi akamsimulia kwamba mama yake alifariki siku aliyomzaa, na kwamba mzee yule alimlea peke yake, akimpikia na kumfulia. Humaidi aliona aibu. Alikuwa amehesabu kila tabasamu alilopewa mtu huyu, na hakujua hata kwamba hana mama.

Wakafika, Aufi akagonga. Nyayo zikaja taratibu, zikasimama. Kwa mazoea yake Aufi akageuka aondoke, na Humaidi akamshika mkono wakabaki pale. Baada ya kitambo mlango ukafunguka. Mzee Malihi alikuwa amekonda, anajishikilia ukutani. Akamtazama mwanawe.

"Umekula?" akamuuliza.

Aufi akamwangukia miguuni. Humaidi alisimama nyuma yao, na gere ikamrudia, kali kuliko zote, kwani yeye hakubakiwa na mlango wa kugonga akaulizwa neno lile. Safari hii hakujidanganya. "Ewe Mola wangu," akasema moyoni, "namwonea gere, nisaidie."

Mzee akainua macho akamwona. "Na huyu mwenzako," akasema, "naye amekula?"

Ndugu zangu katika imani, tunaowahusudu tunawajua kwa kile walichopewa tu. Waliyonyimwa hatujawahi kuwauliza. Mola atukinge na shari za nyoyo zetu kabla ya shari za watu, Amin.