Tambuu ya Kuagia

Ndugu zangu, na nyinyi mama zangu mlio nyuma ya pazia, leo nianze na kiu.

Alikuwapo bibi mmoja aliyeshikwa na kiu isiyokatika. Anamaliza jagi zima, koo bado kavu. Choo kikafunga, chakula kikamchukiza, na akizinduka usingizini anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Binti akaogopa, akampeleka hospitali.

Daktari akapima damu, akasema, "Bibi, madini ya kalsiamu, haya yanayojenga mifupa, yamejaa kupita kiasi katika damu yako. Figo zimeanza kuchoka. Yakizidi kupanda, moyo unaweza kusimama. Lazima nijue yanatoka wapi."

Huyu alikuwa daktari hodari, msije mkamcheka baadaye. "Unakula nini, bibi?" Wali, samaki, mchicha. "Maziwa?" Kidogo, kwenye chai. "Dawa je? Vidonge vya mifupa, vya kiungulia, miti shamba?"

"Situmii kitu, baba. Wallahi."

Na bibi hakusema uongo. Hilo mlishike vizuri.

Wakamlaza, wakamtundikia dripu siku tano. Kiwango kikashuka, bibi akachangamka, akaanza hata kuwakosoa wauguzi namna ya kutandika kitanda. Akarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili, kiu ileile! Akalazwa, akapona. Akarudi, akaugua. Majirani, mnawajua majirani, wakasema ile nyumba ina jambo.

Kuna tezi ndogo shingoni zinazoongoza kalsiamu mwilini. Zikiharibika, mifupa humwaga madini yake kwenye damu. Daktari akazishuku, akazipima, akakuta zimetulia, hazina kosa. Hapo akaingiwa na hofu kweli, maana iliyofuata kwenye orodha yake ni saratani. Picha ya kifua ikawa safi. Picha za mifupa, safi. Akamwambia binti kwa sauti ya chini, "Nampeleka hospitali kubwa. Wakaitafute ndani ya uboho, ule ute wa katikati ya mifupa."

Bibi alikuwa ameketi palepale kwenye benchi, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Binti akaangua kilio. Bibi akafungua fundo la kanga yake, akatoa jani la tambuu, akatoa popoo, ile kokwa ngumu inayotafunwa nalo, akatoa kikopo kidogo, akaanza kupaka chokaa juu ya jani.

"Bibi, unafanya nini?"

"Kama ndiyo safari ya kufa, mwanangu, niache nitafune moja ya kuagia."

"Hiyo ni chokaa? Chokaa yenyewe ni kalsiamu, bibi! Unatafuna mara ngapi?"

"Si sana. Nikimaliza alfajiri mpaka nikilala."

Daktari akashika kichwa. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza chakula na dawa. Tambuu ni chakula? Tambuu ni dawa?"

"Na tambuu huacha meno mekundu, yako mbona meupe?"

Bibi akamtazama kama anayemtazama mtoto asiyefunzwa. "Ningekuja mbele ya daktari na mdomo mwekundu? Kila nikija kwako nayasugua kwa mkaa na chumvi. Na wodini sitafuni, ni adabu tu."

Kikopo kikabaki mezani kwa daktari. Safari ya hospitali kubwa ikafutwa. Mwezi haujaisha, kiu ilikatika, na binti akaitwa kwa jina lake.

Sasa tuambizane ukweli. Bibi alipona siku gani? Si siku aliyokuja na meno meupe. Alipona siku aliyokata tamaa ya kujipendezesha, akakifungua kikopo mbele ya mtu anayeweza kumtibu.

Na sisi je? Tukiulizwa dhambi, tunahesabu vizuri: siibi, sizini, silewi. Wallahi! Na hatusemi uongo. Lakini ile ya mdomoni, tunayoitafuna tangu alfajiri mpaka tukilala? Fulani kaachwa, fulani kafukuzwa kazi, mtoto wa fulani si wa fulani. Hiyo hatuiiti dhambi, tunaiita mazungumzo. Siku ya Ijumaa tunasugua meno, tunakuja hapa weupe, tunatulia saa moja, moyo unapata nafuu. Tukifika nyumbani ugonjwa unapanda. Kisha tunashangaa: mbona nasali na sipati utulivu? Tunalaumu jini, tunalaumu hasidi, tunalaumu shingo isiyo na kosa!

Mola wetu si kama yule daktari. Yeye haoni meno meupe akadanganyika. Anakijua kikopo kilipo, tangu siku ya kwanza, na bado anatungoja tukifungue wenyewe, kwa sababu anataka tupone. Na tutapona, ndugu zangu. Dawa ni kuacha tu, na figo za mja wake Yeye ndiye anayejua kuzifufua.

Dakika chache zijazo mtatoka. Pale kwenye viatu, kabla hata hujavaa cha pili, mtu atakusogelea na kusema, "Mimi simsemi mtu, lakini..." Mshike mkono huyo kwa upole. Na akiwa ni mimi imamu wenu, nishikeni pia.