Sauti ya Juu ya Bi Zawena

Usirukie chini ukasome funzo, nakujua. Anzia hapa juu, chai yako haitapoa. Hii nimeletewa na shangazi yangu wa Muheza, naye hakumbuki kaletewa na nani, ila anaapa alilia alipoisoma. Mimi sikulia. Nilikuwa nakata vitunguu.

Hapo zamani, si zamani sana, palikuwa na mwimbaji wa taarabu mjini Tanga aliyeitwa Bi Zawena. Kikundi chake kiliitwa Waridi la Ngamiani. Harusi asiyoimba Bi Zawena, watu walirudi nyumbani wakisema, "Tumekwenda kula pilau." Hawakuiita harusi.

Alikuwa na wimbo wake mmoja uliompa jina, "Mlango Nimeurudishia". Kwenye mstari wa mwisho wa ubeti wa mwisho kulikuwa na neno moja, "rudi", na hapo sauti yake ilipanda ikakaa juu, ikatulia huko muda mrefu, hata mpishi akaacha mwiko jikoni akaja kuchungulia. Watu walikuwa wakiingoja sauti hiyo tangu wimbo unaanza. Ikifika, vigelegele. Ikipita, wanauliza soda ziko wapi.

Sasa sikiliza sheria ya kikundi kile, maana bila hiyo hutaelewa ugomvi uliotokea. Wimbo ukishapewa mwimbaji, ni wake. Hata akiumwa, hata akisafiri, mwingine hauimbi jukwaani. Utahama siku moja tu, siku mwenyewe atakapovua kanga yake ya begani akamvalisha mwenzake mbele ya watu. Akishafanya hivyo, basi, wimbo umetoka mkononi mwake.

Miaka ikaenda. Bi Zawena akapata wajukuu, akapata na magoti ya kumsumbua. Mwaka mmoja akaugua kifua kibaya, akapona, akarudi jukwaani. Akawa anakunywa tangawizi asubuhi, anatafuna karafuu mchana, na maji ya barafu hayataki hata kuyaona. Wenzake aliokuwa rika moja nao sauti zilishawatoka, mmoja anauza vitumbua, mwingine amehamia kwa mwanawe Korogwe. Yeye bado alikuwa anaimba, na "rudi" yake ilipanda vilevile.

"Hee, huyu bibi anakula nini?" watu waliulizana.

Naye alijibu kwa maringo, "Nakula kama nyie. Mungu ndiye aliyeniongezea."

Nyuma yake, kwenye viti vya waitikiaji, alikaa mwanamke mmoja aliyeitwa Saumu. Saumu alikuja kikundini akiwa msichana wa aibu nyingi, na siku ya kwanza wenzake walimcheka, wakasema sauti yake nyembamba kama ya mbuzi aliyefungwa. Bi Zawena ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia, "Mwacheni huyo, atakaa na mimi." Tangu siku hiyo Saumu akamwita mama, na kiti chake kikawa nyuma kabisa ya bega la Bi Zawena.

Siku moja Bi Zawena alikuwa anarudisha sinia la watu. Akapita uchochoro wa nyumba ya Saumu, akasikia mtu anafua uani huku anaimba. Akasimama. Ulikuwa wimbo wake. Na hakuwa anauimba wimbo mzima, alikuwa anarudia lile neno moja, "rudi", linapanda, linakaa juu, linashuka. Anakamua nguo, anaanza tena.

Moyo ulimchoma Bi Zawena, nisikufiche. Alisahau hata sinia la watu, akarudi nalo nyumbani.

Jioni kwenye mazoezi hakukaa chini. Alimwendea Mwalimu Shekue, mpiga fidla na kiongozi wa kikundi.

"Mwalimu, chagua. Yeye au mimi."

"Nani tena?"

"Saumu. Wimbo wangu anaumezea mate nami ningali hai, sijampa kanga wala sijamwahidi."

Mwalimu Shekue alifungua mdomo. "Bi Zawena, kuna jambo..."

"Hakuna jambo! Yeye au mimi."

Mwalimu akajifanya anakaza nyuzi ambazo zilishakazwa.

Saumu alisimama. "Nimekosa nini, mama?"

"Usiniite mama. Mwizi haniiti mama."

Saumu alimtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama fidla. Basi akachukua mkoba wake, akampa kila mtu mkono, akamnyooshea hata Bi Zawena, ambaye hakuupokea. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ubeti wa mwisho usiende mbio, mama. Utakosa pumzi."

Watu wote walisikia. Bi Zawena aliliona hilo ni tusi, akalala nalo.

Wiki iliyofuata palikuwa na harusi kubwa. Mwenye shughuli alikuwa Bi Mishi, bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa anamwoza mjukuu wake. Wimbo ule alikuwa ameimbiwa yeye mwenyewe alipoolewa, Bi Zawena akiwa kigori anayeanza kuimba. Akaimbiwa binti yake alipoolewa. Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu. Bi Mishi alisema wazi, "Pilau likiungua nitasamehe. Wimbo ukikosekana, sisamehi."

Ilikuwa alasiri, shughuli ya wanawake. Turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, bi harusi amekaa kwenye kiti chake kapambwa hina mpaka viwiko. Saumu naye alikuja, kwa sababu alikuwa mwalikwa kama mtaa mzima. Akakaa mkekani nyuma kabisa, karibu na masufuria.

Bi Zawena akapanda jukwaani na doti yake mpya ya kanga, upande mmoja kiunoni, upande mmoja begani. Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Ukaja wa mwisho, naye kwa ubishi tu akauendea mbio. Wanawake wakaweka vikombe chini. Wakaweka mikono midomoni tayari kwa vigelegele.

Akalishika lile neno, "rudi", akalisukuma juu.

Haikutoka sauti. Ilitoka hewa, na mkwaruzo.

Bi Zawena alingoja ile sauti ichanue kama siku zote. Kumbe mwenzangu, alikuwa anaingoja kama wanavyoingoja wengine! Hapo ndipo alipogeuza shingo akatazama nyuma ya bega lake. Kiti cha Saumu kilikuwa kitupu.

Akaelewa. Miaka yote hiyo yeye alikuwa analianzisha lile neno, na mtu wa nyuma yake analipokea na kulipandisha, kwa pumzi ileile, kwa namna ambayo hata mwenyewe alidhani ni koo lake. Na lile zoezi la uani halikuwa la mwizi. Mtu alikuwa anajifunza kumsitiri.

Msichana mmoja akacheka, akafinywa na mama yake. Bi Mishi alishika shavu. Mwalimu Shekue alikuwa anarudia kipande kilekile cha fidla, jasho linamtoka, hajui aendelee au akate. Bi Zawena alisimama pale na kipaza sauti mkononi, na akilini mwake mlikuwa na jambo moja, kwamba leo ndiyo mwisho wake, na kwamba ameuleta kwa mikono yake mwenyewe.

Mara mtu akainuka nyuma kwenye masufuria.

Unajua desturi ya taarabu. Mwalikwa akitaka kumtunza mwimbaji, huinuka na noti yake mkononi, akaenda taratibu anacheza mpaka jukwaani, na hakuna wa kumzuia. Saumu aliinuka hivyo. Akaja anacheza katikati ya mikeka, mabega yanakwenda pole pole, noti ameiinua juu. Wanawake wakampisha. Akafika, akaipachika noti kwenye nywele za Bi Zawena, na mdomo wake ukafika sikioni.

"Shuka, mama," alimnong'oneza. "Uimbe kwa sauti unayosemea nyumbani. Mwalimu atakufuata."

Kisha akamtazama Mwalimu Shekue kwa jicho moja kali. Mwalimu alielewa upesi, akaishusha fidla chini, na wenzake wakashuka naye.

Bi Zawena akafumba macho. Akauanza upya ubeti wa mwisho, chini, pole pole, kwa sauti yake ya sasa, nzito, yenye mikwaruzo kidogo, sauti anayowaitia wajukuu waje kula.

Nenda mwanangu we nenda, mlango 'merudishia,
Komeo sikulitia, taa nimekuwashia,
Huko kukiwa kuzito, rudi nitakupokea.

Ile "rudi" haikupanda popote. Aliisema tu, kama mama anavyoisema.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama wa bi harusi alijifunika uso kwa mtandio. Bi harusi mwenyewe alianza kulia, wanja ukamshuka, na wapambaji hawakumkataza kwa kuwa nao walikuwa wanalia. Bi Mishi alisimama kwa taabu, ameshika bega la jirani.

"Jamani," alisema, "wimbo huu nimeolewa nao mimi. Binti yangu kaolewa nao. Leo ndiyo kwanza nasikia unasema nini!"

"Si tulikuwa tunangoja ile sauti," jirani akasema.

"Tulikuwa tunangoja sauti, ndiyo." Bi Mishi akamgeukia mjukuu wake. "Umesikia lakini? Mlango haujatiwa komeo. Usije ukateseka huko ukadhani huna kwenu."

Hapo sasa ndipo vigelegele vilipopasuka, nakwambia, mpaka kuku wa jirani wakatimka. "Arudie! Arudie!"

Bi Zawena akainua mkono wakanyamaza. Akamgeukia kwanza Mwalimu Shekue, kipaza sauti bado kiko mdomoni, kwa hiyo wote wakasikia.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu ulipougua kile kifua," Mwalimu akajibu.

"Na hukuniambia kwa nini?"

"Nilikuogopa."

Mwanamume mzima, fidla begani! Watu walicheka mpaka basi, na Bi Zawena mwenyewe akacheka, machozi yakimtoka.

Kisha akasema, "Jamani, ile sauti mliyokuwa mnaipigia vigelegele, kwangu ilishaondoka zamani. Ilikuwa ya huyu hapa, na mimi nimemfukuza, nikamwita mwizi mbele za watu. Na mbele za watu namwomba radhi."

Akaanza kuivua kanga ya begani. Watu wakashika vifua, maana kila mmoja alijua maana yake. Wimbo ulikuwa unahama.

Lakini Saumu alirudi nyuma hatua moja.

"Usinipe, mama. Sauti ninayo, ila mimi nikiuimba leo, watasikia sauti tu. Maneno yake sijayafikia. Umeyafikia wewe."

Hilo halikuwa limewahi kutokea kikundini, mtu kukataa wimbo. Bi Zawena alibaki na kanga mkononi, anaitazama. Akajitazama kiunoni, akaona upande wa pili wa doti ileile. Akatabasamu.

"Nani kasema nakupa wote? Doti ina pande mbili. Huu wa begani chukua wewe. Huu wa kiunoni nabaki nao, na siuvui, msije mkasema Bi Zawena kaondoka harusini uchi."

Akamvalisha Saumu, akamkaza vizuri mabegani kama anamvalisha mtoto anayekwenda madrasa. Saumu akawa anashuka jukwaani, amezoea kukaa nyuma au mkekani, basi. Bi Zawena akamwita kwa neno moja, bila fidla, bila ngoma, kwa sauti yake ileile ya chini.

"Rudi."

Saumu akarudi. Wakasimama bega kwa bega, wakauimba wimbo upya, mmoja akilisema neno lile chini na mwenzake akilipandisha juu. Na shangazi yangu anasema hata soda zilipopita, hakuna aliyenyoosha mkono.

Kama una mama, mwalimu au fundi ambaye sauti yake au mikono yake si ile ya zamani, mpelekee hii. Na kama ni wewe mwenyewe, usione haya, isome tena.

Funzo: Umri ukikuondolea kitu, usiking'ang'anie wala usimfukuze aliye nyuma yako, huenda ndiye anayekusitiri. Shuka, uimbe kutoka hapo ulipofika, huenda ndiyo kwanza watu watasikia unachosema.