Funda Moja la Ndovu

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na kisima.
Kikawa cha nani?
Cha aliyekikalia.
Na wengine je?
Wengine walilamba umande.

Hapo kale, mvua iliondoka nchini bila kuaga. Mito ikakauka, mabwawa yakakauka, mate mdomoni yakakauka. Kikabaki kisima kimoja, na Ndovu na ukoo wake wamekizunguka. Walikunywa, wakaoga, wakajirushia matope mgongoni kwa raha zao.

Digidigi, yule paa mdogo wa vichakani, alikuwa na mtoto mmoja tu, na ulimi wa mtoto ulikuwa nje. Akaenda.

"Hodi, Bwana Ndovu. Mwanangu anakufa. Nipe maji."

"Kisima alichimba babu yangu. Nenda zako!"

Akarudi na swala. "Nendeni zenu!"

Akarudi na wanyama wote wa pori, wanapiga kwato chini: "Tugawane sawa! Tugawane sawa! Tugawane sawa!"

Ndovu akautazama umati, akaona hawezi kuushinda. Akalainisha sauti. "Haya, ndugu zangu. Mkubwa funda moja, mdogo funda moja. Sawa?"

"Sawa!"

Digidigi akalia kwa furaha. "Umepona, mwanangu."

Lakini wanyama wakaingiwa na shaka. Jana mchoyo, leo karimu? Isije ikawa ametia kitu majini! Wakafanya kama tufanyavyo sisi, tukiletewa kinywaji na mtu tusiyemwamini.

"Onja kwanza, utoe uchawi! Wewe na ukoo wako wote!"

Mimi nikifika hapa hukasirika. Wamejitakia wenyewe, masikini!

Ndovu akashusha mkonga. Funda moja. Mkewe, funda moja. Wajomba, mashangazi, wajukuu, funda moja moja, na hakuna aliyeiba hata tone la pili. Kisimani likabaki tope.

"Bwana Ndovu, na mwanangu?"

"Ana haki yake, mama. Funda moja, kama langu. Nani kamzuia?"

Mtoto akainama, akanyonya tope. Likamkaba. Mama akamlamba midomo kwa ulimi mkavu, akamlamba, akamlamba, hata akajua kuwa analamba maiti.

Ndovu akaenda kulala. Alikuwa amegawa sawa.

Funzo ni hili: mkiambiwa mtagawana sawa, msishangilie kabla hamjauliza kipimo ni mdomo wa nani.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iliyemwingia aende nayo, iliyemchoma aniachie mwenyewe.

Na wewe uliyekaa mbele, hebu sogea. Umeuziba moto wote kwa mgongo wako, na wenzako huko nyuma wanatetemeka.