Siku Chatu Alipotaka Kuwa Fanani

"Hadithi i mlangoni!"
"Ifungulie, iingie!"
"Ina miguu?"
"Haina, yaja kwa ulimi!"

Hapo kale Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa na watoto saba. Chatu akammeza wa kwanza, akammeza wa pili, akameza hadi wa sita. Akabaki Chaurembo peke yake. Msitu ukawa kimya, hata majani yakaogopa kuanguka.

Adhuhuri moja Chatu akaja, srrr, srrr, akajikunja mbele ya shimo la Sange.

"Bi Sange, nipe huyo uliyembakiza."

"Shikamoo, Mzee Chatu. Utampata. Lakini mkubwa kama wewe, bado hujawa fanani?"

"Fanani ndiye nani?"

"Msimuliaji. Akifungua kinywa, wote hunyamaza."

"Nataka na hiyo! Nifunze kwanza, kisha nile."

Chatu hakujua mambo ya wazee. Bibi yake alipoanza kumfunza miiko, Chatu alimmeza kabla hajafika mwiko wa pili.

"Ita hadhira," Sange akasema, "yaani wasikilizaji."

"Hadithi i mlangoni!"

Chaurembo akataka kuitika. Mama akamziba mdomo. Jibu likatoka kwingine, ndani ya tumbo la Chatu, sauti sita nyembamba:

"Tufungulie, tutoke!"

Sange alizijua sauti zile, moja moja.

"Umeona, mzee? Hadhira unayo. Sasa tia tashibihi, fananisha kitu na kitu."

"Tumbo langu ni refu kama njia ya makaburini."

Kwatu! Kitu kikachomoza utosini.

"Tia takriri, neno ulirudierudie."

"Nikameza, nikameza, nikameza!"

Kwatu! Kikachomoza cha pili.

"Kichwa kinaniwasha, Bi Sange."

"Ni utamu wa hadithi. Tia chuku, kuza mambo."

"Nitameza jua lenyewe!"

Vile vitu vikapanda, vikapinda. Chatu akaona kivuli chake mchangani.

"Nini hiki?"

"Pembe, mzee. Anayesimulia hadithi mchana huota pembe. Bibi yako hakukwambia?"

Chatu akatumbukiza kichwa shimoni amdake Chaurembo. Pembe zikanasa kwenye mizizi, ga! Akavuta, ga! Akasukuma, ga! Sange na mwanawe wakatokea tundu la nyuma.

Hakunasuka tena. Ikabaki mifupa. Lakini kila jua likizama, Sange huja na Chaurembo, huketi kando ya mbavu zile, huita polepole:

"Hadithi i mlangoni!"

Sauti sita huitika:

"Ifungulie, iingie!"

Naye huwasimulia, mpaka wanyamaze wote.

Funzo, wanangu: mgeni akija mchana, msimnyime hadithi.

Yangu nimeifungia mlango, ufunguo nimewaachia. Nani huyo anasema jua bado halijazama? Hebu nilegezee kilemba, mwanangu. Kinanibana.